Kivuli cha Nyumba ya Nakal

Lori la askari wa kanjo lilifika barabara ya Nawoitorong asubuhi, Nakal akiwa ameenda mto Turkwel kuteka maji. Wageni wakubwa walikuwa wanatarajiwa Lodwar, na kanjo, ofisi ya mji, ilitaka barabara ipendeze. Nyumba ya Nakal, ya fito na makuti ya mkoma na turubai kuukuu juu, haikupendeza. Askari waliivuta kwa kamba, ikaanguka bila ubishi. Wakapakia kila kitu kwenye lori, wakaenda kunywa chai.

Kivuli kilibaki.

Kilikuwa cha mviringo, na upande mmoja kilikuwa na mlango wa mwanga. Jua la Lodwar, ambalo halijawahi kumhurumia mtu, lilikizunguka tu. Asubuhi hakikusogea, alasiri hakikusogea. Nakal alirudi na jerikeni kichwani, akakitazama, akainama pale mlangoni, akaingia, akaketi. Hapo ndipo alipolia. Ukame ulikuwa umemmalizia mbuzi wake wote kule Lokori, na nyumba ile aliifunga kwa mikono yake mwenyewe. Na sasa bintiye Apua alikuwa anakuja kutoka Kakuma, tumbo limeshuka, ajifungue mtoto wa kwanza kwa mama yake kama inavyotakiwa. Kwa mama yake wapi?

Garad, mwenye duka ng'ambo ya barabara, alimletea chai. Alipofika mlangoni aliinama pia na kupiga hodi, maana nyumba ya mtu ni nyumba ya mtu. Aliuliza kama sukari inatosha. Habari ya kivuli hakuigusa. Barabara nzima ilijua sababu, na ilikuwa sababu ya kawaida kabisa: nyumba hufungwa na mwanamke, na siku ya kuhama yeye mwenyewe ndiye huifungua, akianza na fundo alilofunga mwisho. Mwingine akiivunja, kazi haijaisha. Askari wale ni watoto wa hapa hapa, walizaliwa ndani ya nyumba kama hizo, lakini mtu akishavaa magwanda husahau mengi.

Ofisi ya mji ilikuwa na viwanja kando ya mji vya watu waliobomolewa wakakosa makao. Redio ilikuwa imevitangaza mpaka watu wakachoka kusikia. Nakal akaenda kuomba. Ofisa wa makazi, Reuben, kijana wa Kaikor mwenye adabu na shati lililopigwa pasi, alisema lazima kwanza aende kuona kwa macho yake. Alifika saa sita, jua limepamba moto. Aliinama mlangoni bila kuambiwa, akaketi, akalegeza tai. Ubaridi ule ulikuwa ni ule ule wa nyumba ya mama yake.

"Mama Apua," akasema, "wewe uko na nyumba."

"Nyumba gani? Si mliibeba kwa lori?"

"Hakuna kivuli bila nyumba. Nikisema huna makao, nitakuwa nimedanganya serikali."

Nakal akamwambia basi, kama nyumba ipo, arudishiwe fito zake. Reuben akaeleza kwa upole kwamba fito haziwezi kurudi, ni ushahidi wa ujenzi haramu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kwa ofisi ile, nyumba ilikuwepo kiasi cha kumnyima mtu kiwanja, na haikuwepo kiasi cha kumkinga mtu.

Na kwa kuwa ilikuwepo, na ilikuwa haramu, askari walirudi kuimalizia. Walikipiga kivuli kwa sururu. Walichimba mashimo, kivuli kikalala hadi chini ya mashimo. Jua lilipowazidi waliinama mlangoni, wakaingia, wakalala usingizi. Nakal aliwapa maji. Hakuwapenda, lakini mgeni ni mgeni.

Apua alifika siku moja kabla ya wageni wakubwa. Aliingia, akajilaza, akasema kiuno kinamuuma kinaacha. Mawingu mazito yalikuwa yamepanda upande wa milima ya Loima. Reuben akaja peke yake, mara hii akaanza na salamu, "Ejok, mama," na mengine yote akayasema kwa Kiturkana, akiwa amechuchumaa. Alimwomba Nakal aifungue nyumba mwenyewe. Kivuli kisicho na kitu kingewafanya wageni waulize maswali. Akikifungua, hatakuwa na nyumba tena, na hapo hakuna wa kuzuia apewe kiwanja.

Garad alimwonya asiache mbachao kwa msala upitao. Alikuwa na haki ya kuonya. Lakini Nakal alikuwa ameyaona mawingu, na alijua kivuli kinazuia jua tu. Mtoto mchanga halazwi kwenye mvua. Akasimama, akainua mikono, akapapasa hewani pale paa lilipokuwa, akalipata fundo la mwisho, akalifungua. Kisha mengine. Kivuli kikabanduka ardhini, akakikunja kama ngozi ya mbuzi, akajitwika. Akamshika Apua mkono, wakaenda ofisini polepole, wakipumzika kila uchungu ulipokuja.

Reuben aliwapa viti. Alitazama ule mzigo kichwani mwa Nakal, akatazama meza yake.

"Viwanja ni vya waliobomolewa, mama. Wewe umejibomolea mwenyewe. Hiyo inaitwa kuhama kwa hiari."

"Si ni wewe uliniambia nifungue?"

"Ni mimi," akasema Reuben, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. "Lakini sheria sikutunga mimi."

Nakal alikasirika. Hakutukana. Alitoka nje, akakitandika kivuli uani, chini ya dirisha la ofisa, akafunga mafundo yote hadi la mwisho, akamwingiza Apua. Wanawake wa Nawoitorong wakaja mmoja mmoja, wakiinama. Makarani waliokwenda kula walipita pembeni, kwa heshima, wasikanyage nyumba ya watu. Mtoto alizaliwa salama, msichana, mwenye sauti kubwa.

Reuben alishuka kumpongeza. Alipiga hodi, akaruhusiwa, akainama, akaingia. Alimshika mtoto kidole, akasema nyumba imepata baraka. Tone la kwanza likamwangukia mkononi, la pili likamwangukia mtoto usoni.

Nakal akavua shuka yake, akamfunika mjukuu, akainama juu yake kwa mgongo wake wote. Reuben akaaga vizuri, akainama mlangoni, akapanda ofisini kwake. Mvua ilikuwa inaingia ndani. Akafunga dirisha.