Mjukuu wa Gwilimu

Bi Barbara aliniandikia mara ya kwanza mwezi wa pili, kupitia Facebook, akaniuliza kwa heshima zote kama mimi ni mjukuu wa Gwilym. Nikamjibu ndiyo. Sikuona la kuficha. Pasipoti yangu inasema Leah Zedekiya Gwilimu: baba yangu ni Zedekiya, baba yake ni Gwilimu, na Chunya nzima inajua hivyo. Akauliza huyo Gwilimu alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia hakuna cha alikuwa, yupo, anasumbuliwa na presha na mbuzi wa jirani, na anamsalimu.

Hapo ndipo tulipopotezana, ila mimi sikujua.

Barbara ni mtu wa Wales. Mimi Wales nilikuwa naijua kwa mpira tu. Ni mwalimu mstaafu wa miaka sabini na tisa, hakuolewa, hakuzaa, na kaka yake mmoja aliyekuwa naye alifariki wakati wa korona. Kijijini kwao wana chama cha kutafuta vizazi vya ndugu waliohamia ng'ambo, na kila Jumanne wanakutana kutambiana. Mmoja kapata binamu mia mbili huko Ajentina. Mwingine kapata watu wa Australia wa kujaza basi. Barbara hakuwa amepata hata mmoja. Mtu wake wa pekee aliyeondoka alikuwa baba yake mdogo, Gwilym, fundi wa pampu aliyekwenda Tanganyika kwenye machimbo ya dhahabu mwaka 1936. Barua zake zilikoma mwaka 1947 na hakuna aliyejua kilichompata.

Tuliandikiana miezi minane. Mimi nasafisha vyumba kwenye hoteli moja ya Garhoud, huku Uarabuni, vyumba kumi na sita kwa siku, na katika mji huu mzima hakukuwa na mwingine aliyekuwa ananiuliza kama nimekula. Nilimpenda yule bibi. Nasema wazi ili isije ikaonekana nilikuwa na hesabu nyingine.

Mwezi wa kumi akapanda ndege akaja, siku mbili tu, kwa sababu daktari wake alimkataza safari ya zaidi ya saa nane na Chunya ni mbali zaidi ya hapo. Hoteli yetu hairuhusu mfanyakazi kukaa meza moja na mgeni, hata mgeni awe ndugu yake, kwa hiyo nikamwelekeza aje Karama, kwenye kafeteria ya Rafiq iliyo chini ya jengo letu. Nilikwenda na Robinah, Mganda ninayekaa naye chumba kimoja. Robinah ni mlinzi. Alikuja na sare kwa kuwa alikuwa anaingia zamu baadaye, na Barbara akadhani nimeajiri ulinzi.

Tuliagiza chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki. Barbara alinishika mikono miwili, akanitazama usoni kwa muda mrefu, akasema nina paji la uso la Gwilym. Robinah naye akageuka kuliangalia. Kisha Barbara akatoa picha ya kijana mwembamba aliyesimama kando ya ngazi, mwenye masikio makubwa kupita kiasi. Akayatafuta masikio yangu kwa matumaini. Yangu ni madogo. Akasema huenda nimefuata upande wa mama.

Baada ya hapo akafungua mkoba akatoa kichupa cha plastiki na kuniomba nikitemee mate. Alieleza taratibu, kama mwalimu: mate yangu na yake yatapelekwa maabara, baada ya wiki sita majibu yatakuja yakionyesha sisi ni damu moja, naye atayasoma kwenye chama siku ya Jumanne.

Nilikishika kile kichupa, na ndipo akili ikanirudi. Miezi minane alikuwa ananiuliza habari za damu, mimi namjibu habari za jina. Yeye alidhani babu ni mtoto wa Gwilym aliyerithi jina la baba yake.

Kwetu, mtoto akizaliwa siku ya msiba anapewa jina la aliyezikwa. Na hapewi jina tu. Anapewa mtu mzima mzima: ndugu wa marehemu wanakuwa ndugu zake, na mjane akija anamsalimia mtoto mchanga kama mumewe. Gwilym yule fundi alikufa masika ya mwaka 1947, machimbo yakiwa yamesimama na wazungu wenzake wote wameshaondoka. Akazikwa shambani kwa Zakayo, aliyekuwa akifanya naye kazi kwenye pampu. Jioni ile ile mke wa Zakayo akajifungua mtoto wa kiume. Huyo ndiye babu yangu. Sisi hatuna tone la damu la Wales. Haikuwahi kunipitia kichwani kwamba kuna mtu duniani angeona hilo ni jambo la kwanza kuulizwa.

Robinah aliniona nilivyobadilika. Nilipomweleza kwa Kiswahili, akanisogelea.

"Leah, wewe tema tu," alisema. "Majibu inakuja after six weeks. Saa hiyo bibi iko kwao, amefurahi, amekunywa chai. Khalas."

Niseme kweli, nilikusanya mate. Nilimtazama yule mama na kofia yake ya jua, na nikajua nikisema nampoteza leo, nikinyamaza nampoteza baada ya wiki sita mbele ya chama chake. Nikayameza. Nikamwambia yote kwa Kiingereza changu cha hotelini, kile cha kuomba radhi kwa taulo.

Barbara alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akachukua kichupa mkononi mwangu, akakifunika, akakirudisha kwenye mkoba. Akanywa chai yake, ambayo ilikuwa imeshapoa.

"Kwa hiyo hakuacha mtu," alisema.

Nikasema pole. Akasema si kosa langu. Akaanza kutafuta miwani yake ili aondoke, na ilikuwa usoni. Kisha akaniuliza swali moja, bila kunitazama: alipokuwa anakufa, alikuwa na nani?

Nikamwambia yupo anayejua. Nikapiga simu ya video kwa Botim, kwa sababu WhatsApp huku ni ya kuandikia tu. Akapokea Kasian, mtoto wa baba yangu mdogo, akamkimbizia babu simu uani. Babu alitokea akiwa na koti na kofia. Nikamwambia huyu ndiye Barbara wa Wales, mtoto wa kaka yake Gwilym.

"Mwanangu," alisema babu. "Mbona umechelewa hivi?"

Barbara amemzidi babu mwaka mmoja. Nilitafsiri hivyo hivyo.

"Mimi ni baba yako mdogo," babu akaendelea. "Zedekiya ni kaka yako, na huyo Leah wewe ndiye shangazi yake. Kuna kijana anamzungukia huko, Nickson, umeshamwona?"

Hilo sikulitafsiri. Nikamuuliza babu kuhusu kifo. Akavua kofia.

"Baba yangu Zakayo ndiye aliyekuwa naye," alisema. "Homa ilimlaza siku nne. Hakuachwa peke yake hata saa moja, usiku walipokezana yeye na mama. Siku ya mwisho hakuwa anamjua mtu tena. Alikuwa anamwita mama yake tu. Kaburi lake lipo hapo nyuma, mwezi uliopita tumelipalilia." Akainamia simu mpaka tukaona pua tu. "Sasa na mimi nimuulize. Mama yangu wa huko Wales yuko wapi?"

Nilitafsiri, nikiogopa kidogo. Barbara akasema alifariki mwaka 1969. Mpaka mwaka huo alikuwa haruhusu mtu alale kwenye kitanda cha Gwilym.

Babu aliikunja kofia mikononi.

"Mama amefariki," alisema, "na hakuna aliyeniambia."

Akamwita Kasian atoe viti nje. Akamwambia shangazi Betty azime redio. Kisha tukamsikia akipaza sauti kwa jirani, yule mwenye mbuzi, kwamba amepata taarifa ya msiba, mama yake wa Wales. Hakuna aliyeuliza mama gani. Simu ikawekwa juu ya kigoda, tukaona miguu ya watu ikiongezeka na khanga zikipita, na mtu fulani akasema maji ya chai yabandikwe kwa sufuria kubwa. Kisha wakaanza kuja kwenye simu mmoja mmoja, wanainama, wanasema neno, wanapisha. Jirani wa mbuzi alikuwa wa tatu.

"Wanasema nini?" Barbara aliuliza.

"Wanasema pole. Umefiwa na bibi yako."

"Lakini ni miaka hamsini na sita sasa."

"Wao wamesikia leo," nikamwambia.

Barbara alianza kulia. Hakulia kwa adabu, alilia kwa sauti, pale kwenye meza ya Rafiq, na mimi nikalia, na Robinah akasimama nyuma yetu na sare yake, akiwazuia watu kwa mkono wasitupite karibu. Rafiq akaja kuuliza nani amekufa. Robinah akamwambia, mama yake babu. Rafiq akapunguza televisheni.

Babu aliporudi kwenye simu, Barbara aliichukua mkononi mwangu. Akaongea naye. Hakuongea Kiingereza, aliongea lugha ya kwao, mambo marefu, akisimama kujifuta na kuendelea, na mara mbili nilisikia jina Gwilym. Babu alimsikiliza bila kuondoa macho, akiitikia kwa kichwa pale panapostahili.

"Sawa, mwanangu," alisema babu, Barbara alipomaliza. "Nimesikia."

Nilisubiri aniulize amesema nini. Hakuniuliza.