Mnyonya Damu Mwenye Adabu

Kazini na mtaani wananiita Mumiani, na sijawahi kupata hoja ya kuwapinga. Kazi yangu ni kutoa watu damu. Nakaa kwenye chumba kidogo cha maabara ya hospitali, meza upande huu, kiti cha mgonjwa upande ule. Namfunga mtu mpira juu ya kiwiko, nampapasa mshipa, nampaka spiriti, nachoma. Mtoto akinikuta dukani anajificha nyuma ya mama yake.

Kwa hiyo shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alipopata safari ya kikazi na kutuachia mashine yake ya gemu tumtunzie, alijiona amenipatia.

"Shemeji, hii ya wanyonya damu ni yako kabisa," akasema huku akiniwekea diski. "Unaanza ukiwa mtu wa kawaida, unang'atwa, halafu unajijengea jina mjini. Huwezi kushindwa. Si ndiyo kazi yako ya kila siku?"

Jumamosi mchana nikafunga mapazia ili mwanga usipige kwenye runinga, nikakaa. Kwanza unamtengeneza mtu wako. Mimi nina upara, na kitambi ambacho koti la maabara limeshindwa kukificha. Mtu wangu nikampa nywele hadi mabegani, kifua kipana na taya lililochongeka. Kisha unagawa pointi: nguvu, ujanja, mbio, mvuto. Nikamwaga zote kwenye mvuto. Mtu wa sura ile, nilifikiri, ana haja gani ya kukimbia?

Mke wangu ni fundi cherehani, na cherehani yake iko hapo hapo sebuleni. Akainua macho.

"Nani huyo?"

"Ni mimi."

Akaitazama runinga, akanitazama mimi, akarudi kwenye pindo la sketi aliyokuwa akishona.

Kazi ya kwanza ilikuwa nyepesi: kumnyonya damu mlinzi mmoja aliyekuwa akivuta sigara uchochoroni. Gemu inakupa uchague: umvamie, umtishe, au uzungumze naye. Nikazungumza naye. Nikamsalimia, nikamwuliza habari za lindo, nikamweleza kwa upole kwamba nina shida ndogo ya damu. Mlinzi akapuliza filimbi. Wakaja wenzake na marungu, nikafa.

Nikarudia, nikafa tena. Mara iliyofuata nikamnyatia kwa nyuma. Shingo ile pale, kitufe kinawakawaka, na kidole kikagoma. Sikuona pamba. Sikuona spiriti. Mtu hajaulizwa kama ana presha wala kama amekula. Nikamwacha aende zake, nikakamata panya.

Basi nikawa mtu wa panya, na mji mzima wa wanyonya damu ukapata habari. Mkuu wa ukoo wetu, bwana mmoja mwembamba aliyekaa kwenye kiti cha enzi chekundu, akaniita mbele ya wenzake. "Tumekupa uzima wa milele," akasema, "nawe unaumalizia mitaroni." Chaguo la kumjibu kwa mvuto lilikuwepo, ila lilikuwa limefifia, halibonyezeki, kwa sababu ya njaa. Njaa kwenye gemu hiyo haina adabu. Mashavu yalibonyea, mabega yakashuka, mwishowe nywele zikaanza kupukutika. Kufika Jumapili mtu wangu alikuwa na upara unaong'aa chini ya taa za barabarani.

Mke wangu akapita na pasi mkononi, akasimama.

"Sasa ndiyo wewe," akasema.

Jirani naye akabisha hodi kuuliza kama kuna mgonjwa, maana mapazia yetu yalikuwa hayajafunguliwa tangu jana. Mke wangu akamjibu kwamba mgonjwa yupo, ila anaweza kukaa mwenyewe.

Ningeishia hapo nisingeaibika nje ya nyumba. Lakini Jumatatu akaja dereva wa lori, pande la mtu, mkono wake kama paja langu, na sindano anaiogopa kuliko nyoka. Alitazama ukuta, akatazama mlango. Siku nyingine ningemwuliza habari za barabara huku nikichoma. Siku hiyo nikaivuta sauti kutoka tumboni, nikajaribu ule mvuto ambao mtu wangu alikuwa ameshindwa kuutumia kwa njaa.

"Nitazame machoni," nikasema polepole. "Huna hofu tena."

Akanitazama machoni. Kisha macho yake yakageukia juu, akaporomoka kitini kama gunia, na trei ya chupa tupu ikaenda naye.

Ilibidi niite wenzangu ndipo tukaweza kumwinua. Alipozinduka akaomba, kwa heshima zote, atolewe damu na mtu mwingine. Mkuu wa maabara, mama mtu mzima asiyependa mzaha, akanivuta pembeni.

"Ulimwambia nini mgonjwa?"

"Nilimwambia anitazame machoni."

"Ili iweje?"

Nilitafuta jibu ambalo mtu wa umri wangu anaweza kulitoa akiwa amevaa koti jeupe. Nikaambiwa nizoe vipande vya chupa, kisha niende nyumbani nikapumzike.

Nikafika mapema kuliko kawaida. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Mke wangu alikuwa kwenye kochi, futi ya kupimia imening'inia shingoni, pedi ya gemu mkononi, sketi za watu zimelala juu ya cherehani. Kwenye runinga mtu wangu alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha enzi. Nywele zilikuwa zimerudi, nyingi kuliko nilizompa mimi, na alivaa koti refu lililomkaa sawasawa mabegani.

"Umemfanya nini?" nikauliza.

"Nimemlisha."

"Amekula nani?"

"Yule mlinzi. Na mwenye baa. Na yule mwembamba wenu mwenye maneno mengi." Hakuondoa macho kwenye runinga. "Mvuto alikuwa nao, mume wangu. Alikuwa na njaa tu."

Uanaume ukanipanda kichwani. Nikaomba pedi, nikasema kazi iliyobaki naiweza. Akanipa bila ubishi. Nikamtoa mtu wangu nje ya jumba, nikakutana na kikongwe aliyepotea njia, gemu ikaniuliza kama nitamsindikiza. Nikamsindikiza. Bibi alitembea taratibu, nami nikimsubiri kila kona, na tulipofika mlangoni kwake jua likachomoza. Mtu wangu, mtawala mpya wa mji, akawaka kama karatasi. Bibi akaingia ndani, akafunga mlango.

Mke wangu akanyoosha mkono, nikamrudishia pedi, akaanzia tena pale alipokuwa amehifadhi mchezo. Kisha akanirushia ramani ya karatasi iliyokuja na diski.

"Nikikuuliza kushoto au kulia, jibu hilo tu," akasema. "Usinihurumie mtu."

Kusoma ramani naweza, hilo nalisema bila aibu. Nikampitisha kwenye mifereji ya chini kwa chini hadi sokoni kwa wanyonya damu bila kukutana na askari hata mmoja, naye akanigusa goti, akasema, "Vizuri." Nilijiona nimepandishwa cheo. Baadaye kidogo nikauliza jioni tutakula nini. Akanionyesha runinga kwa kidevu: wakuu wa koo zote walikuwa wamemzunguka mtawala, wanangoja afungue kikao.

Nikaenda jikoni kumenya vitunguu.