Meza Juu ya Kilima cha Getanuwas

Meza ile niliiunda kwa mikono yangu mwaka 1982, nilipokuwa msimamizi wa karakana katika shamba la ngano la serikali, Getanuwas, wilayani Hanang. Miguu niliikata katika mabomba ya mashine ya kupandia. Uso ulikuwa bati nene la mashine ya kuvunia. Pembezoni nilichomelea masuke ya ngano niliyoyakunja kwa nondo, moja moja, kwa siku tisa. Nikaipaka rangi nyeupe. Meneja alitaka meza ya kulia chakula nje, ya kuwakaribishia wageni wa makao makuu. Mahali nilimchagulia mimi: kilima kidogo nyuma ya nyumba yake, ambapo mlima Hanang huonekana wote.

"Hicho ni nini, Felician?" aliuliza, akionyesha tuta la udongo kileleni.

"Kichuguu kilichokufa, Ndugu Meneja. Tutakisawazisha."

Asubuhi ya kazi, Gidabuday, mlinzi wa lango, alinifuata karakanani. Alikuwa Mbarabaig, rika la baba yangu. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Yule pale ni baba yangu," alisema, fimbo yake ikielekea kilimani.

Nilitazama, nisione mtu.

"Amelala ndani. Wengine trekta zenu zimewalima. Yeye zilimzunguka kwa kuwa yuko karibu na nyumba. Unadhani nimeomba ulinzi kwa kupenda koti hili?"

"Sikuona msalaba, mzee wangu."

"Ninyi wa Mbulu, mpaka mtu aandikwe jina ndiyo mjue amezikwa. Sisi tulimpandishia udongo miezi tisa, ukoo mzima. Mvua imeushusha, yeye hajaondoka. Sogeza meza hatua ishirini. Chakula chenu hakitapoa kwa hatua ishirini."

Nilimwahidi kwamba nitasema. Nikaenda mpaka barazani kwa Meneja, nikavua kofia.

Shuleni, bwenini kwetu, mwongo alipigishwa magoti juu ya changarawe mbele ya bendera. Nilikuwa kiranja, wengi walipiga magoti kwa amri yangu, wala sikupata kujuta. Lakini pale barazani niliwaza jambo moja tu: mtu huyu atajua kwamba sikuweza kutofautisha kaburi na kichuguu.

"Enhe?" alisema Meneja.

"Tunaanza saa nne," nikasema.

Katika shimo la mguu wa tatu Tomaso, kibarua wangu, aliacha kuchimba. "Fundi, huu ni mfupa."

"Wa ng'ombe. Mimina zege."

Akamimina.

Jumamosi wageni walikuja. Walikuwa wameketi, wakiisifu meza, Gidabuday alipopanda pale bila koti la ulinzi, amejifunga shuka la kwao, na kibuyu cha pombe ya asali mkononi. Hakumsalimia yeyote. Akaanza kuimwaga juu ya meza, polepole, huku akisema kwa sauti, kwa Kibarabaig, kama anayezungumza na mtu mzito wa kusikia. Mgeni mmoja akacheka, akainua sahani yake.

"Huyu amelewa?" Meneja aliniuliza.

Gidabuday akanigeukia. Alisubiri. Niliangalia viatu vyangu.

Walinzi wawili walimshika mikono. Hakupigana nao; aliomba tu amalizie kibuyu, wakamkatalia. Akateremshwa hadi langoni na kufukuzwa kazi siku ileile.

Meneja akaagiza meza ipanguswe kabla nyama haijaletwa. Niliipangusa mimi.