Mchungwa Uliochunwa Gome

Mama Miche alitoka na ndoo yake asubuhi akakuta mchungwa umechunwa gome: pete nzima kuzunguka shina, pana kama kiganja, mti wa ndani uking'aa mweupe kama mfupa. Huo ulikuwa mti mama. Vikonyo, yaani vitawi alivyopandikiza kwenye miche yote aliyouza ili kulea wanawe tangu mumewe afariki, vilitoka humo.

Hakuwa na wa kumshuku ila mmoja. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alitaka kujenga gereji pale uani, na mti ulisimama katikati.

Alimkuta mlangoni akipiga mswaki. Shemeji alikana. Kisha akasema mke wa kaka yake anatafuta ugomvi bure, kwani mti si mzima, majani si mabichi?

"Mabichi kwa sababu maji bado yanapandia ndani ya mti," Mama Miche alimjibu. "Chakula kinachopikwa na majani ndicho hushukia kwenye gome, na njia hiyo umeikata. Mizizi itakufa njaa kwanza, majani yafuate. Ulitaka mti ufe polepole, tudhani ni ugonjwa."

Shemeji akatema povu, akaingia ndani.

Jua lilikuwa linapanda, na jeraha likikauka hakuna dawa. Mama Miche alikata vitawi kutoka mti uleule, akavichonga ncha. Akachanja gome chini ya jeraha na juu yake, akachomeka kitawi huku na huku kiwe daraja, akakaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli na kuziba kwa nta. Kimoja alikipachika kichwa chini, akakichomoa haraka; kitawi kilichopinduliwa huwa hakishiki.

Alipokuwa kwenye cha mwisho alisikia hatua nyuma yake. Shemeji alikuwa amekuja na shoka.

Mama Miche hakugeuka. Kisu kilikuwa chini ya gome. Angeshtuka tu, gome lingechanika.

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mboga barazani, alinyanyuka na kigoda chake, akakitia kati ya mwanawe na shina, akaketi.

"Pitia kwangu kwanza," akasema, na kuendelea kuchambua.

Mwishowe shemeji akaliburuta shoka hadi chumbani.

Mti uliteseka. Machungwa machanga yalipukutika, majani yakafifia, na Mama Miche akaacha hata kula vizuri. Vitawi viwili vilikauka. Vingine vilinenepa, vikavimba pale vilipoungana na shina, na mvua zilipokuja machipukizi yakatokeza juu.

Shemeji alipata kiwanja cha kukodi kando ya barabara. Siku ya kuhama alisimama mbele ya mchungwa, vyombo begani.

"Mti umeshika?" akauliza.

"Umeshika."

Msamaha hakuomba, wala Mama Miche hakuutarajia. Alimfungulia geti apite na mizigo yake, akalirudishia komeo, kisha akaenda kumwambia mama mkwe kwamba leo wanaweza kula kwa amani.