Seringe ya Batwa

Kolera ilipofika upande wa kijiji cha Miti, shirika moja la mji wa Bukavu lilimweka Cirhuza kwenye chemchemi, chini ya njia inayopanda kuelekea msituni. Kazi yake ilikuwa moja. Mtu akishajaza bidoni, yaani dumu lake la maji, Cirhuza anavuta dawa ya kloro kwa seringe, lile bomba la sindano lisilo na ncha, anaisukumia ndani ya maji, anafunga kifuniko.

"Ngoja kwanza, usikunywe sasa hivi," anasema. Kisha anamwita anayefuata.

Hakuwa mganga. Alijifunza kwa kutazama, na mkono wake ulishika kazi upesi kuliko kichwa: vuta mpaka mwisho, sukuma, funga.

Wanawake wa Batwa, wenyeji wa asili wa msitu ule, walishuka kutoka vibanda vya juu, kando ya hifadhi ambamo wazazi wao walitolewa. Walikuja pamoja na kusimama pembeni hadi wengine wamalize. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo wakati huu wa kolera. Ilikuwa hivyo tangu zamani.

Siku moja Mapendo, aliyeongoza komite ya maji, aliweka bidoni yake chini akaikalia.

"Papa Cirhuza. Iyo seringe unaingizaka mu bidoni ya Batwa, njo ile ile unaingiza mu yangu?"

"Njo ile ile, maman. Iko moja tu."

"Basi miye narudi kuvoma ku muto."

"Ku muto njo kwenye kolera iko, maman."

"Kolera na Mutwa, unichagulie!"

Foleni nzima ikacheka. Cirhuza naye alitabasamu kidogo, maana maneno hayo aliyasikia utotoni kwa mama yake mwenyewe. Hakumwona Mapendo kuwa mtu mbaya. Juzi tu alisaidia kumbeba jirani mgonjwa kwa machela hadi kituo cha afya, akarudi na nguo zilizochafuka, asilalamike. Lakini wanawake wengine walikuwa wameanza kuinua bidoni zao na kutazama njia ya mtoni. Wakienda, wengi watakufa. Cirhuza aliyapima hayo, kisha akaenda kwa Aloys, muuguzi wa kituo hicho, kumwomba seringe ya pili.

Aloys alipekua droo. "Iliyobaki ni hii ya batoto."

"Itasaidia," Cirhuza akasema.

Aliitundika seringe ndogo kwenye msumari wake peke yake, na amani ikarudi. Mapendo alimletea ndizi mbivu. "Sasa kila mutu na yake," akasema.

Nsimire ndiye aliyekuwa amewashawishi Batwa wenzake kushuka kuchukua maji ya dawa, ingawa wazee wao walisema yananuka hospitali. Alipoiona seringe mpya aliigeuza mkononi, akawaambia wenzake: "Leo tumekuwa bakubwa! Tuko na seringe yetu peke, sawa bazungu."

Wakacheka. Cirhuza akaivuta mpaka mwisho, kama kawaida, akasukuma, akafunga.

Ugonjwa ulipungua kule chini. Nyumba moja baada ya nyingine, watu waliinuka, wakarudi mashambani. Kule juu haukutoka. Kwenye foleni wanawake walisema, bila hata kushusha sauti, kwamba sasa imejulikana: kolera iko ndani ya Batwa wenyewe, dawa gani itaiosha?

Nabintu, binti mkubwa wa Nsimire, alianza kuharisha asubuhi. Mama yake alishuka naye amembeba mgongoni wakati jua liko kichwani, na walipofika kituoni mtoto alikuwa analia bila machozi. Walimzika nyuma ya migomba, katika ardhi ya mtu mwingine, na mwenye ardhi akauliza kama ni lazima iwe pale.

Nsimire alirudi kwenye chemchemi, kwa sababu alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja, ambaye ndio kwanza anajifunza kutembea.

"Papa Cirhuza, iyi dawa inatumika kweli?"

"Inatumika, maman. Si unaona, kule chini hakuna mutu anagonjwa tena."

"Njo ile minaulizia."

Cirhuza alipeleka ujumbe Bukavu, na shirika likamtuma msimamizi wake, Hugues, kwa pikipiki. Hugues alikuwa na kichupa cha kupimia: unatia maji, unatia kidonge, na kama dawa ingalimo maji yanageuka rangi ya waridi. Katika nyumba za chini yaligeuka. Katika nyumba za Batwa yalibaki meupe, nyumba baada ya nyumba.

"Banakunywa mayi ya muferezi," Hugues akamwambia Cirhuza, "kisha banadanganya."

Nsimire alikuwa amesimama palepale. "Patron, hatudanganye. Mayi ni ya kwake papa uyu."

Hugues alimgeukia Cirhuza. "Unaweka kiasi gani?"

"Seringe moja. Mpaka mwisho."

"Kwa bote?"

"Kwa bote."

Wanaume hao wawili waliposhuka chemchemini, Cirhuza alizitoa seringe mbili kwenye misumari yake ili amwonyeshe. Zikakaa kando kwa kando kwenye kiganja chake. Hapo ndipo alipoziona. Ile ndogo ilifika nusu ya kubwa.

Hugues naye aliona. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Kuanzia leo, vuta mara mbili," akasema. "Na usiongee. Ukiongea italeta matata, na batu bataacha dawa."

Halafu akapanda pikipiki yake.

Jioni hiyo zamu ya Nsimire ilipofika, Cirhuza alivuta, akasukuma, akavuta tena. Nsimire hakuutazama uso wake. Aliutazama mkono.

"Juu ya nini leo mara mbili?"

Angeweza kusema kwamba ni amri mpya ya Bukavu, na isingekuwa uongo. Lakini mwanamke huyu alikuwa ametoka kuzika. Akamwambia yote: seringe, ukubwa wake, mkono wake uliozoea.

Nsimire alisikiliza hadi mwisho. "Kumbe yetu ilikuwa nusu," akasema. Kisha akainamisha bidoni, akayamwaga maji taratibu yasimrukie Cirhuza miguuni, akapanda na bidoni tupu. Wenzake wakamfuata.

Hawakushuka kesho yake, wala siku zilizofuata. Foleni ilikuwa fupi na tulivu, wala hakuna aliyeuliza.

Mwishowe Cirhuza alichukua dawa na ile seringe kubwa, akapanda. Aliwakuta wanachota mferejini, chini ya mahali ng'ombe wa shamba wanapokanyaga. Mtoto wa Nsimire alikaa mlangoni, analamba kifuniko cha bidoni kilicholowa.

"Maman, niache nitie dawa hapa, mbele ya macho yenu," Cirhuza akasema. "Na ile seringe kubwa, ya bote."

Nsimire akasogeza bidoni. Majirani walikuja wakasimama. Cirhuza alivuta mpaka mwisho, akasukuma, akafunga, na wote wakangoja pamoja hadi akasema sasa yanafaa.

Nsimire aliingia ndani, akatoka na kibuyu ambacho nyumba yake yote hunywea. Akakijaza, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Anza weye, papa. Ukikunywa, siye bote tutakunywa."

Katika nchi ile Mushi, kama Cirhuza na watu wa chini, na Mutwa wanaweza kulima shamba moja na kulia kwenye msiba mmoja. Hata pombe ya ndizi watagawana, lakini humiminwa kutoka juu, kila mtu na chombo chake. Cirhuza alijua kwa akili yake yote kwamba kibuyu kile hakina ubaya wowote. Hata hivyo mdomo wake ulitangulia.

"Aksanti, maman. Minatoka kukunywa nyumbani."

Hakuna aliyecheka. Cirhuza aliyasikia maneno yake mwenyewe, akanyoosha mkono haraka. "Lete. Lete, nitakunywa."

Nsimire alikuwa amekwisha kukirudisha kibuyu kifuani mwake. Sauti yake ilikuwa ya adabu, kama ya mtu anayemsindikiza mgeni.

"Bila matata, papa. Siye pia tunatoka kukunywa."

Akayamwaga maji ya kibuyu na ya bidoni kwenye shina la mgomba, akamwinua mtoto ubavuni, akabeba bidoni tupu, na kushuka mferejini.