Shamba Lililonyimwa Kupumzika

Ludaga alilamba bonge la udongo, akatema. Chumvi bado ilikuwepo, ila imepungua. Miiba iliyojiotea shambani ilimfika magotini. Alikuwa amechimba shimo kwa siku tatu akiifuata mizizi, na huko chini udongo ulikuwa mkavu. Aliweka paji la uso ardhini akamshukuru mungu wa nyumba yake. Likipumzika msimu huu tu, shamba lingezaa tena shayiri.

"Mzee, siku hizi unalima miiba?"

Ur-Emush, msimamizi wa mashamba ya hekalu, alikuwa amesimama ukingoni mwa mfereji na mwandishi wake.

"Naipumzisha ardhi, bwana. Miiba inakunywa maji ya chini. Yakiachwa yakapanda, yanapanda na chumvi."

"Miiba inakunywa!" Ur-Emush alimgeukia mwandishi. "Basi tuiletee na pombe."

Mwandishi akacheka.

"Baba yangu alifanya hivi, bwana, na babu yangu. Mwaka wa shayiri, mwaka wa kupumzika."

"Hekalu linakula kila mwaka, Ludaga. Ng'oa. Fungulia maji."

Shamba lilikuwa la hekalu. Mkulima mkaidi hufukuzwa, na mkewe hupelekwa nyumba ya wafumaji, ambako wanawake hutolewa wakiwa maiti. Ludaga aling'oa. Nintur, mkewe, aling'oa pamoja naye mpaka viganja vikatoka damu.

Shayiri iliota ya njano, ikafa kabla ya kutoa masuke. Maji yalipokauka, shamba lote lilikuwa jeupe kwa chumvi.

Ur-Emush alirudi. Safari hii aliketi mkekani, akapokea mkate wa Nintur, akaula wote.

"Mashamba sita yamekufa kwenye mfereji huu. Wakubwa wanauliza sababu."

"Sababu unaijua, bwana."

"Naijua. Ndiyo maana nimeanzia kwako." Alimsogezea kibao cha udongo mbichi. "Hapa pameandikwa kwamba ulivuna bila kutoa sadaka ya malimbuko, miungu ikaupiga mfereji mzima. Bonyeza ukucha, uwe sahihi yako."

"Lakini nilitoa! Mwaka jana nilileta mtoto wa mbuzi, mwenyewe, kwa mikono hii."

"Najua. Nyama yake ilikuwa laini."

"Na nisipobonyeza?"

Ur-Emush alitazama mikono ya Nintur. "Nyumba ya wafumaji inatafuta vidole vyepesi."

Ludaga aliomba. Midomo yake ilicheza muda mrefu, na Ur-Emush akamngoja kama mtu anavyongoja ng'ombe amalize kukojoa. Kisha ukucha ukazama kwenye udongo.

Walimwachia mke na kibanda. Shamba walilichukua, na yeye wakampeleka kuzoa tope mferejini.

Siku ya tano, Nintur alipokuwa amemletea uji, jirani yao Sharakam aliwaita kutoka ng'ambo. Miaka miwili nyuma Ludaga ndiye aliyemshauri apumzishe shamba lake. Sasa Sharakam alikuwa aking'oa miiba, na rundo lilikuwa limemfika kifuani.

"Ludaga! Nilikukasirikia, sikufichi. Lakini umekiri, ndugu yangu, na anayekiri husamehewa. Kuhani alitakasa mfereji jana." Alijifuta jasho, akacheka. "Na ulivyonitisha na chumvi yako! Kumbe ni sadaka ya mbuzi tu!"

Hatua kumi kutoka pale, mwandishi wa Ur-Emush alikuwa akiwahesabu wazoa tope.

Ludaga alifungua mdomo. Nintur akamshika kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu zake zote, bila kumtazama.

"Nitakie heri basi," Sharakam alisema, akiinama kwenye lango la maji. "Nafungulia."

"Mavuno mema," Ludaga alisema.

Maji yaliingia yakimeremeta. Watoto wa Sharakam walikimbia mbele ya maji shambani, wakipiga makofi.