Usiguse Mpaka Mkaguzi Afike

Joha, mhudumu wa nyumba ya wageni, alikuwa ameshachota ndoo ya tatu ya maji Ruthu, mwenye nyumba, alipoingia chumba namba sita na kumshika mkono.

"Acha, Joha. Weka ndoo chini."

"Niache vipi, dada? Maji yanaelekea chumba cha tano."

"Nimeambiwa tusiguse kitu."

Ukuta wa nyuma ulikuwa umeanguka alfajiri, kona hadi kona. Sasa kitanda kilitazamana na korongo, na mvua ilinyesha moja kwa moja juu ya godoro. Mabati mawili yalining'inia kwa misumari miwili mitatu, yakigongana kila upepo ulipovuma.

"Hata godoro tusitoe?" Joha aliuliza.

"Hata godoro. Mpaka mkaguzi wa bima afike."

Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na nane, mwaka wa mvua ambazo hata wazee wa Kigogo walisema hawakuwahi kuziona. Dodoma, mji ambao watu hupigania maji kwenye bomba, ulikuwa umegeuka matope. Nyumba ya wageni ya Ruthu Ndahani ilikuwa mtaa wa Majengo, vyumba vinane vya matofali ya kuchoma, vilivyojengwa kwa kiinua mgongo cha marehemu mumewe aliyepunguzwa kazi reli. Wateja wake wakubwa walikuwa madereva na makarani waliofuatana na wabunge. Bunge likiketi ukumbi wa Chimwaga, vyumba vyote vilijaa. Bunge lilikuwa liketi baada ya wiki mbili.

Bima hakuikata kwa kubahatisha. Zamani bima ilikuwa ya serikali peke yake, mtu hachagui. Kampuni binafsi ziliporuhusiwa, akaja Octavian, kijana wa tai na mkoba, akasema shikamoo mama, akakaa saa nzima. Ruthu alimzungusha nyumba nzima. Alimwonyesha jiko la mkaa, nyaya za umeme, vyumba ambavyo madereva huvuta sigara kitandani. Mwisho akampeleka nyuma.

"Moto naweza kuuchunga, mwanangu. Hili korongo siwezi. Maji yakija, bima yako inanisaidia?"

"Ipo ya moto tu, mama, hiyo ni rahisi. Na ipo kamili. Kamili ina maji humo humo."

Alichukua kamili. Aliuza ng'ombe wawili waliokuwa kwa kaka yake Kongwa, akalipa mwaka mzima. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa tisa. Octavian alimsomea akitembeza kidole, akiruka hapa na pale. "Hapa wanasema jambo likitokea, usibadilishe chochote mpaka mkaguzi aone. Wengine hubomoa wenyewe halafu wanadai." Ruthu aliitikia kwa kichwa. Lilikuwa sharti la haki. Aliweka sahihi.

Siku ile ile ukuta ulipoanguka alikwenda ofisi ya kampuni, ghorofani, Barabara ya Sita, viatu mkononi. Octavian alimpa pole, akampa fomu, akamwambia mkaguzi anatoka Dar es Salaam.

"Lini?"

"Wiki hii, mama. Barabara ikiruhusu."

Wiki iliisha. Alirudi, akaambiwa faili limekwenda makao makuu. Akarudi tena, akaambiwa faksi imetumwa.

"Nataka hata nifunike tu," Ruthu alisema. "Chumba cha tano nacho kimeanza kunywa maji. Ukuta ule ni mmoja."

Octavian alitazama mlango, kisha akatazama kalenda ukutani. "Mimi ningekuwa wewe, mama, nisingegusa. Hawa watu wa Dar wakiona kitu kimeguswa, wanapata sababu."

"Niandikie hivyo basi. Kwenye karatasi."

"Mama, kwani hatuaminiani?"

Alikwenda ofisi ya serikali kulalamika. Karani alimsikiliza akiwa amesimama, funguo mkononi.

"Wamekukataa?"

"Hawajakataa."

"Basi leta barua ya kukataliwa, ndipo yawe malalamiko."

"Wao wanasema linashughulikiwa."

"Basi linashughulikiwa, mama."

Aliporudi nyumbani alikuta turubai la kijani limetandazwa juu ya chumba cha sita, limekazwa kwa kamba na mawe. Joha alikuwa ameliazima kwa kaka yake mwenye lori, akapanda ngazi mwenyewe. Chini yake palikuwa pakavu kwa mara ya kwanza katika siku kumi na mbili.

Ruthu alisimama akalitazama. Kisha akaanza kufungua kamba.

"Dada Ruthu!"

"Watasema tumegusa."

"Waseme! Si nyumba yako?"

"Joha, hiki ndicho nilicho nacho. Karatasi ile ndiyo itakayojenga. Nikiiharibu, nitajenga na nini?"

Alifungua kamba zote nne. Kwa kuwa lilikuwa limeloa, turubai lilikuwa zito, likawalazimu kulikunja wote wawili.

Siku tano baadaye ukuta wa chumba cha tano ulifuata. Ulichukua na dari ya chumba cha nne. Jumatatu madereva wa wabunge walifika, baadhi wakashuka mizigo begani, wakachungulia uani. Mmoja, aliyekuwa akilala pale kila kikao, alisema, "Pole sana, mama," akageuza gari. Wengine hawakushuka.

Mkaguzi alifika siku ya ishirini na sita tangu ukuta wa kwanza uanguke. Aliitwa Ulimboka, mtu mzima mwenye miwani na viatu vya mpira vipya. Octavian alimfuata nyuma akimshikia mwavuli. Ulimboka alipita vyumba vyote, akapiga picha, akarudi kusimama mbele ya Ruthu.

"Ukuta wa kwanza ulianguka tarehe tisa. Huu mwingine tarehe ishirini na sita. Siku zote hizo, mama, kwa nini hukufunika?"

"Niliambiwa nisiguse."

"Na nani?"

Ruthu alimtazama Octavian. Octavian aliuhamisha mwavuli mkono wa pili.

"Nilimweleza masharti yote, mzee," alisema.

Ulimboka alifungua mkataba, akausoma kwa Kiswahili taratibu, kama mwalimu. "Kifungu cha kumi na moja: mwenye mali asibadilishe chochote kabla ya ukaguzi. Kifungu cha kumi na mbili: mwenye mali achukue kila hatua kuzuia hasara isiongezeke."

"Vyote viwili vimo humo?"

"Ukurasa mmoja."

"Sasa ningetii kipi?"

"Hilo ni la wanasheria, mama. Mimi napima."

Joha alishindwa kuvumilia. "Tulifunika! Nililileta turubai mimi mwenyewe. Tukaliondoa kwa ajili yenu!"

Mkaguzi alimgeukia. Kwa mara ya kwanza alionekana kuvutiwa na jambo.

"Mliliondoa? Wenyewe?"

"Ndiyo."

"Tarehe ngapi?"

Joha alimtazama Ruthu, akafunga mdomo. Lakini Ruthu hakuwahi kusema uongo kwenye karatasi ya mtu. "Ishirini na moja," alisema.

Ulimboka aliandika mistari mitatu. Kisha akatoa futi ya kuvuta mfukoni, ile ya utepe wa chuma, akamnyooshea Octavian ncha yake. Octavian aliangalia matope, akaangalia viatu vyake vya ngozi.

"Nipe mimi," Ruthu alisema.

Alivua ndala. Akashuka kwenye matofali yaliyolala, matope yakamfika kwenye kifundo cha mguu, akaenda mpaka kwenye kona ya chumba cha nne, akainama, akaibana ncha ya futi chini kwa kidole gumba. Manyunyu yalikuwa yameanza tena.

"Vuta kidogo, mama," Ulimboka aliita kutoka upande wa pili. "Usilegeze. Tunataka kipimo cha haki."

Ruthu alivuta. Mkaguzi alitaja namba, na Octavian, chini ya mwavuli, aliirudia kwa sauti huku akiandika.